Kijana, Mshale?

Ile miaka wakimbizi walipojaa Karagwe, ndege ndogo ya injini moja ilikuwa inatua kwetu mara mbili kwa wiki, kwenye kiwanja cha nyasi upande wa Nkwenda. Siku zingine zote kiwanja kilikuwa cha ng'ombe. Ndege inaleta dawa, inachukua wauguzi, inaondoka. Mimi na mzee mmoja ndio tulikuwa zimamoto ya pale. Usicheke. Zimamoto yenyewe ilikuwa mtungi mmoja mwekundu wa unga wa kuzimia moto, ndoo mbili za mchanga, na koti moja la rangi ya chungwa. Koti alivaa mzee kwa sababu alinitangulia kazini.

Mzee alikuwa na asili ya Burundi. Alikuja zamani na mke wake, wakalima vibarua kwenye migomba ya watu mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Kazi ya kiwanja ndiyo ilimtoa kwenye jembe, na aliishika kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe kwenye mto. Nyasi zinazozunguka mapipa ya petroli alizifyeka hadi udongo ukaonekana. Mama yeyote akipita na kiko chake, mzee anamfukuza hadi barabarani. Kabla hatujaanza kupampu, lazima waya utoke kwenye pipa uende kwenye ndege, ukabane chuma kwa chuma, ili cheche isizaliwe katikati.

"Petroli haiombi ruhusa," alikuwa ananiambia.

"Hata wewe huombi, mzee, ukitaka ugoro wangu."

Alikuwa na tatizo moja, na nililijua mimi peke yangu. Macho yalishaingiwa na ukungu. Mtu anamwona, ng'ombe anamwona, lakini kitu kidogo hakioni. Na juu ya mtungi palikuwa na kitu kidogo: kisaa chenye mshale. Mshale ukikaa kwenye kijani, mtungi umeshiba. Ukiangukia kwenye nyekundu, umebeba chuma tu. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hata sijamaliza kumwamkia, mzee ananiita:

"Kijana! Mshale?"

"Kijani, mzee!"

Kijana, kijani. Wapagazi wa kiwanja walikuwa wanatuigiza. Mzee mwenyewe alicheka kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza. Mimi nina darasa la saba na mdomo wa chuo kikuu, nikaona nimepata kazi ya kumsomea mtu herufi moja kwa siku.

Halafu kulikuwa na rubani. Mzungu mrefu, Kiswahili chake kilikuwa maneno kama ishirini, na yote aliyatumia kwa amri. Alichopenda kuliko vyote ni hiki: akishatua, wapagazi wakikimbilia kusogeza pipa, anatoa mkono dirishani. "Injini moto! Ngoja!" Alimaanisha injini bado ina joto, msinisogezee petroli. Ilikuwa amri ya maana. Lakini mimi nilimwiga hadi kwenye vibanda vya chai. Nikiletewa kikombe: "Chai moto! Ngoja!" Baada ya mwezi soko zima lilikuwa linaongea kama rubani.

Sasa beberu.

Siku moja mzee alikwenda mazishini Nyakatuntu, akaniachia kiwanja. Likaja beberu moja jeusi tii, lenye ndevu kama za mwenyekiti wa kijiji, likasimama katikati ya njia ya ndege na kunitazama kwa dharau. Wapagazi walikuwepo. Mimi nikiwa na watu wa kunitazama siwezi kukaa kimya, ndivyo nilivyoumbwa. Nikachukua mtungi, nikachomoa pini, nikalipulizia. Mara moja tu, kidogo, pfuu! Beberu likawa jeupe pee, likapiga chafya, likalia kama mtoto, likaanza kugongana na ndoo kwa sababu unga ulikuwa umeingia machoni. Tulicheka mpaka tukalala chini.

Mwenye beberu akafika, mama mmoja wa jirani.

"Waitu, jamani, hamjaona beberu wangu mweusi?"

"Mweusi? Hapana, mama. Amepita mweupe tu, yule pale."

Akalitazama beberu lake usoni, akapita, akaenda kulitafuta bondeni. Mpaka leo nikikumbuka nacheka, na hapo hapo nakoma.

Kwa sababu nilirudisha pini, nikapangusa mtungi, mshale ulikuwa bado kwenye kijani. Nikadhani yamekwisha. Kesho yake asubuhi ulikuwa katikati. Kesho kutwa ulikuwa nyekundu, umelala kabisa. Baadaye fundi alinieleza: mtungi wa unga ukishaubonyeza hata kidogo, unga unakwama mdomoni, na pumzi inavuja yote polepole. Ukiutumia kwa beberu, umeutumia.

"Kijana! Mshale?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya kisaa. Nikautazama wekundu ule. Nikisema, mtungi unapelekwa Mwanza kujazwa, na swali la kwanza litakuwa nani kaubonyeza, na wapagazi wote wameona.

"Kijani, mzee!"

Akacheka. Siku hiyo, na ya pili, na kwa wiki tatu. Nilijiambia nitasema Jumatatu. Nilijiambia pia kwamba hakuna ndege iliyowahi kuwaka hapa. Jumatatu zikapita.

Siku yenyewe kulikuwa na jua la mchana. Ndege ilitua, wakashusha makasha haraka, akapanda muuguzi mmoja aliyekuwa anakwenda Bukoba. Rubani alikuwa na haraka, hakuongeza mafuta wala hakusubiri. Akajaribu kuwasha injini ikiwa bado na joto. Ikakataa. Akasukuma petroli kwenye injini, akajaribu tena. Ikakataa. Akasukuma tena. Mimi nilikuwa nimesimama na watu waliokuja kushangaa, mikono mfukoni.

Injini ikakohoa, pu! Rubani akatoa kichwa dirishani.

"Injini moto! Injini moto!"

Nami nikamjibu kwa sauti yake mwenyewe, tena nikanyoosha mkono kama yeye:

"Ngoja!"

Watu wakaangua kicheko. Mpagazi mmoja akaongeza, "Ngoja ipoe, bosi!" Rubani anapiga kelele, sisi tunacheka. Yule mtu alikuwa na neno moja tu la joto na la moto, na hilo neno mimi nilikuwa nimeshalifanya kichekesho cha soko.

Asiyecheka alikuwa mmoja. Mzee hakusikiliza mdomo wa rubani, alisikiliza harufu. Chini ya pua ya ndege petroli ilikuwa inadondoka, na matone yalikuwa yanashuka yakiwa yanawaka. Kwenye nyasi pameshakuwa na moto mpana kama ungo. Mzee akanyakua mtungi, akapita kwa nyuma ya bawa ili asikutane na panga la injini linalozunguka, akapiga magoti, akachomoa pini, akabonyeza.

Mtungi ulitoa unga wa kutosha kupaka uso wa mtoto. Halafu ukatoa pumzi, kama mtu anayeguna. Halafu basi.

Akabonyeza tena. Akautikisa. Akageuza kichwa kunitafuta, sijui kama alikuwa ananiona.

"Kijana! Mshale?"

Nilikuwa nakimbilia ndoo ya mchanga, na ndoo moja nilikuwa nimeigeuza kiti, mchanga nimeumwaga. Nikaja na ile nyingine. Nikakuta mzee ameshaanza kuchimba udongo kwa vidole na kuutupia moto, huku matone yanaendelea kushuka, na mengine yanashukia mikononi kwake. Hakuitoa. Rubani kwa juu alikuwa amefunga petroli na bado anazungusha injini ili imeze moto wake wenyewe. Nilimwaga mchanga. Moto ukafa. Panga likasimama. Muuguzi akashuka, akaiona ile mikono, akaanza kazi.

Ngozi ilikuwa inatoka kama ya ndizi iliyochomwa. Nisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya siku tano akaja bosi kutoka Bukoba, na fundi. Wakatuweka chini ya bawa, mzee mikono yake imefungwa mabandeji kama mabondia wawili. Bosi akainua mtungi.

"Nani anaangalia mtungi huu?"

"Mimi," mzee akasema.

"Kila siku?"

"Kila siku, bosi. Mshale ulikuwa kijani."

"Mzee, huu mtungi ulikuwa mtupu muda mrefu. Mshale ulikuwa nyekundu. Uliuangalia kwa macho yako?"

Hapo mzee akainamia mabandeji yake. Nilijua kwa nini, na alijua kwamba najua. Akisema kijana ndiye aliyekuwa anamsomea, amekiri kwamba haoni, na kipofu hapewi zimamoto. Akisema aliangalia mwenyewe, ni mzembe. Milango yote miwili inatokea kwenye jembe. Na sasa jembe lenyewe atalishika kwa mikono gani?

Bosi akanigeukia. "Na wewe?"

Nilikuwa na maneno mengi siku zote. Siku ile nilikuwa nayo machache, na nilichagua haya:

"Mtungi ni kazi ya mzee, bosi. Mimi ni wa ndoo."

Wapagazi walikuwa wamesimama pale pale, wote walioona beberu. Wakatazama chini. Mzee akasema, "Macho yangu yalikosea," akaomba avuliwe koti, kwa sababu vifungo hakuweza. Nikamvua mimi. Nikapewa nilivae.

Nilikutana naye baada ya miezi kama minane, siku ya gulio Nkwenda. Alikuwa amekaa pembeni ya mke wake aliyekuwa anauza maharage kwa kopo. Nilitaka kupita, lakini mpagazi mmoja aliniita kwa sauti, nikamjibu, na mzee akaitambua sauti.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba." Akacheka kile kicheko chake cha kila siku. "Kijana! Mshale?"

Watu waliotuzunguka walikuwa wanaukumbuka mchezo wetu. Wakageuka, wanasubiri. Na mimi nikiwa na watu wa kunitazama siwezi kukaa kimya.

"Kijani, mzee!"

Wakacheka. Yeye hakucheka tena. Alinyoosha mikono yote miwili mbele ya uso wangu, akaigeuza viganja juu. Vidole vilikuwa vimejikunja kama vya kuku, na ngozi mpya ilikuwa laini, inang'aa, nyekundu.

"Angalia vizuri," akasema. "Wewe ndiye mwenye macho."