Video Iliyokataa Kufutika

Mkono wa kushoto wa fundi cherehani haunyooki tena. Mumewe aliuvunja kwa pasi huku akijirekodi, na kila mkewe alipobisha alimwonesha ile video kwenye kompyuta ya nyumbani. Mahakama ilichukua nakala, mume akaenda jela. Jana fundi alitaka kuifuta ile video, lakini kompyuta ilikataa: faili linatumika.

“Linatumiwa na nani, na yule mume yuko jela?” alifoka, akanyanyua kiti aiponde mashine.

Dada yake aliyekuwa kando alimdaka. “Tulia, mdogo wangu. Programu ya video haijafungwa.” Akaifunga.

Fundi akabonyeza tena, na faili likafutika. Alilia kwa kwikwi mpaka dada yake akaogopa, kisha fundi akaomba chakula.