Mnazi wa Shangazi Kwenye Kiwanja cha Ndege

Kile kiwanja cha ndege cha zamani, njia ya Kirongwe, kilipogeuzwa bustani ya watu wote, sikusubiri kualikwa. Miaka yote nilikitazama nikiwa nje ya seng'enge. Sasa nilitembea katikati ya njia ya ndege, mikono nyuma, kama mwenye mali. Wanawake waliokuwa wakifanya mazoezi ya kushusha sukari mwilini walinipita na sikujali.

Shangazi hakuja kutembea. Alikuja na mche wa mnazi aliouviringisha kwenye kanga kuukuu, jembe akanibebesha mimi. Kabla ya ndege, hapo palikuwa na minazi ya mama yake, yaani bibi yangu. Ilikatwa kupisha kiwanja, Shangazi akiwa msichana, na hajamsamehe mtu hadi leo. Alitaka awe na mnazi wake pale kabla hajafa. Alinitamkia hivyo hivyo, bila kupepesa macho.

Akaipita nguzo ya kuonyesha upepo, akasimama kwenye majani. "Hapa. Chimba."

Nikachimba. Shangazi akisema hapa, ni hapa.

Mlinzi akaja mbio. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Mnazi hapana, bibi yangu. Panda maua, panda hata mwarobaini."

"Mnazi una nini?"

"Mimi wa hapahapa, bibi. Leo unapanda, kesho wajukuu zako wanakuja kudai."

Nilicheka, maana alisema kweli. Kwetu ardhi inaweza kuwa ya yeyote, lakini mnazi ni wa aliyeupanda, na wa watoto wake baada yake. Shangazi hakucheka. Hilo ndilo hasa lililomleta.

Mlinzi akashusha sauti. Shangazi akiutoa mnazi wakfu mbele ya mashahidi, atamruhusu. Nazi zitakuwa za yeyote apitaye, na ukoo wetu hautadai kitu. Nilipandwa na hasira. Nikamwambia Shangazi tuondoke zetu, tusije tukanyang'anywa mara ya pili palepale. Wale wanawake wa mazoezi walikwisha kusimama kutusikiliza.

Machozi yalimlengalenga Shangazi. Kisha akawaita wale wanawake, akawafanya mashahidi, akautamka wakfu kwa sauti iliyofika hadi getini. Akapiga magoti, akauweka mche shimoni na kuushindilia udongo kwa viganja.

"Ile ya mama walitukatia," akaniambia. "Huu nimeutoa mwenyewe. Haya, kalete maji."