Ua la Radi kwenye Kofia ya Alois

Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita. Hapana, hamsini na saba, maana ule wa hamsini na sita nilikuwa kule bondeni na kwa Walburga Stehle sikufika. Nilikuwa mnoa visu, natembea kijiji hadi kijiji katika milima hii ya Alb, na kila kiangazi walinilaza ghalani kwao.

Walburga alikuwa mwanamke wa kumshika fahali pua. Lakini palikuwa na kiua cha buluu, kidogo kuliko kifungo cha shati, alichokipitia mbali kama nyoka. Sisi tunakiita Gewitterblume: radi na ua, yameunganishwa yakawa neno moja. Bibi yake alimwambia kwamba ukikichuma unaita radi.

Siku hiyo tulikuwa shambani, tunapakia majani makavu ya ng'ombe kwenye mkokoteni. Mumewe, Alois, akachuma konzi nzima ya maua yale, akayachomeka kofiani, akapanda juu ya mzigo na uma wake mrefu wa chuma, ule wa kupakilia majani.

"Mama, nimependeza?"

Walburga alishika gurudumu. Midomo ilikuwa imemkauka. "Alois, yatupe. Shuka."

"Hata wingu hakuna."

"Tazama nyuma yako."

Nyuma ya msitu mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria.

"Sasa nishuke majani yalowe? Ng'ombe watakula nini, jina la ua?"

Ngurumo ikapita chini ya miguu yetu. Mimi nikawafungua ng'ombe wa kukokota. Nilipogeuka, Walburga alikuwa anapanda mkokoteni, huku analia.

"We, unakuja kufanya nini huku?"

"Kama ni wewe, basi na mimi."

Alois akaacha kucheka. Alitupa kofia, akachomeka uma kwenye majani, akamshusha mkewe kwa kiuno. Tulikuwa hatujafika kwenye mtaro wa kando ya shamba radi ilipopiga mzigo. Uliwaka ndani ya mvua, na sisi tumelala kifudifudi, Walburga amemshika mumewe shati.

Baadaye niliiokota kofia. Vikonyo vilikuwepo, maua yote yamepukutika. Wengine walisema ni ule uma ulioivuta radi. Lakini tangu siku hiyo Alois naye aliyapitia maua yale mbali.

Nilimuuliza Walburga mezani, akanisogezea mkate tu. Nikamuuliza padri, na mwalimu, na wachuma dawa wa vijiji vingi: yule wa kwanza aliyeliita ua lile kwa jina la radi, alikuwa ameona nini?