Cheti cha Ngumbaru

Nilipopunguzwa kazini katika shirika la umma lililokuwa linakata roho, nilibaki na vitu viwili vya kujivunia: cheti cha kidato cha sita na tai ya bluu. Cheti kile kilikuwa kimekula ng'ombe wawili wa mama yangu kijijini, naye hakuacha kunikumbusha. Kila nikimwamkia, huitikia marahaba kisha huuliza, "Ng'ombe zangu zitarudi lini?"

Viwanda vya minofu ya sangara ndiyo kwanza vilikuwa vimefunguliwa kando ya ziwa. Kila asubuhi watu walijipanga getini, nyapara akachagua vibarua wa siku hiyo. Nami nikaenda na tai yangu, bahasha ya kaki kwapani. Siku nne mfululizo nyapara alinipita kama nguzo ya geti. Jirani yangu wa Kirumba, kibarua wa siku nyingi, akanihurumia.

"Vua hiyo tai, bwana. Yule ni darasa la saba, wasomi hawataki. Anasema mna midomo."

Kesho yake nikaenda na kaptula na kandambili. Nyapara akaniuliza kama najua kusoma. "Hapana, mkubwa," nikajibu, kwa unyenyekevu ambao hakuna mwalimu wangu aliyewahi kuuona. Nikachukuliwa. Kila siku nilitia dole gumba kwenye daftari la mahudhurio, kisha nikabeba mapanki, mifupa inayobaki minofu ikishakwenda Ulaya. Ilipita miezi minne. Kanisani watu waliniachia benchi zima, nami nikajidanganya kwamba ni heshima.

Asubuhi moja nyapara akatangaza kwamba anatafuta karani wa mizani, mtu anayejua kusoma na kuandika. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Vibarua wakaangua kicheko.

"Wewe si wa dole gumba?" nyapara akauliza.

"Nimeanza ngumbaru, mkubwa."

"Haya, niletee cheti. Nakupa mwezi mmoja."

Cheti nilikuwa nacho, tena kikubwa mno. Nyapara alitaka karani anayejua kusoma, ila asimzidi yeye. Basi jioni ile ile nikajiandikisha elimu ya watu wazima katika shule ya msingi ya jirani. Nilikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakikaribia kidevu, katikati ya bibi wawili wauza dagaa, tukiimba a, e, i, o, u. Nilijitahidi sana kukosea. Bibi wa kushoto akaniona ninavyohangaika, akanishika mkono na kunielekeza namna ya kuikunja g mkia.

Mwezi ulipokwisha, mwalimu, binti ambaye ningeweza kumfundisha mimi, alinikabidhi cheti mbele ya darasa zima.

"Baba, una kichwa wewe," akasema. "Ungepelekwa shule utotoni, leo ungekuwa mtu mkubwa."

Bibi wangu wa kushoto akapiga vigelegele. Nilishukuru, nikaenda nyumbani roho ikiniuma.

Ukarani nikaupata. Cheti cha ngumbaru nikakitia fremu na kukitundika ukutani, kwa sababu nyapara alikuwa na tabia ya kupita kwangu Jumapili. Cha kidato cha sita kilibaki ndani ya sanduku, chini ya tai.

Mama aliposikia kwamba mwanawe sasa anakalia kiti, akapanda basi, kuku kwapani, akaja kushuhudia. Mama yangu hajui kusoma. Alisimama mbele ya ile fremu muda mrefu, akaufuta ukungu wa kioo kwa ncha ya kanga.

"Ndicho hiki? Cha ng'ombe zangu?"

Nilitazama sanduku. Nikatazama mizigo yake, na miguu iliyovimba kwa safari.

"Ndicho, mama."

"Basi zimerudi," akasema, akanipa kuku.

Nilimpokea kwa mikono miwili, nikatoka naye nje upesi ili mama asinione usoni.