Mkono wa Wifi na Katriji ya Wino

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mume wangu husema hasira zangu huchemka upesi na kupoa upesi, na huwa anasema hivyo kunitetea mbele ya ndugu zake. Anasahau kwamba maji yakimwagika wakati yanachemka hayarudi sufuriani. Mwaka jana nilimuunguza mtu, na sikujua nimemuunguza kiasi gani mpaka fundi mmoja alipofungua droo yangu.

Nina steshenari Lusahunga, upande ambao malori huegesha kabla ya kuendelea na safari ya mpakani Rusumo. Ni chumba kimoja chenye kompyuta, mashine ya fotokopi, printa, rafu ya madaftari, na benchi ambalo wateja hukalia wakinisimanga kwamba nachelewa. Madereva huleta karatasi za mizigo, walimu huleta mitihani, wachumba huleta kadi za harusi. Vingine vyote vinasaidia, lakini printa ndiyo inayotulisha. Ikigoma, nyumba nzima inajua kwa sauti yangu.

Aliyekuwa akiitunza ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mtu wa Kibimba, kule milimani. Alikuwa mhudumu wa zahanati kwa miaka mingi mpaka alipostaafu, na mkono wake ulijua bomba la sindano kama wangu unavyojua mwiko. Siku ya kwanza nilipomwonyesha katriji, yaani kile kichupa cha plastiki kinachobeba wino ndani ya printa, nilikuwa naenda kuitupa kwa sababu ilikuwa imekwisha. Alininyang'anya. Akaigeuzageuza, akabonyeza pembeni, akauliza wino unapita wapi. Nikamwonyesha kitundu.

"Ni kidogo, rakini ni njia," alisema. Kwao r na l hupokezana, nasi tulishazoea. "Nimeshapata mshipa wa mtoto mchanga, nitashindwa na hiki?"

Tangu siku hiyo hatukununua katriji mpya kwa muda mrefu. Kila mwisho wa mwezi alikuja kutoka Kibimba, akakaa kwetu siku mbili tatu. Alinawa mikono kwanza, kama vile printa ina kidonda. Aliingiza wino polepole bila kiputo hata kimoja, akapangusa kwa pamba, akaziba kwa selotepu na kuandika tarehe na rangi kwa mwandiko wake wa zahanati. Halafu aliifunika printa kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, chenye maua mekundu, ili vumbi la malori lisiifikie. Wenye steshenari wengine walikuja kutazama. Nilikuwa najivuna kana kwamba mkono ule ni wangu.

Na mkono ule ulikuwa na sifa hata kabla ya printa. Kwao, mvua zikianza, watu hawaanzi kupanda maharage hovyo. Humwita mtu anayejulikana kuwa na mkono mzuri, akaangusha mbegu chache za kwanza katika mstari wa kwanza, ndipo wenye shamba wanafuata. Wifi aliitwa na nusu ya mlima. Msimu wa kupanda alikuwa haonekani nyumbani kwake. Leo yuko kwa huyu, kesho yuko kwa yule, na kila anakokwenda anatolewa kiti kwanza. Mimi ni Msubi na kwetu sikuyakuta hayo, kwa hiyo nilikuwa namtania. Nilimwambia siku moja atapanda katriji ardhini tuvune printa. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Ile printa ya zamani ilikufa kifo cha uzee. Mume wangu akaleta nyingine kutoka Mwanza, nyeupe, ndogo, yenye kioo kidogo cha kuandika maneno. Ilichapa vizuri mno. Wino ulipokwisha, wifi akajaza kama kawaida yake. Nikairudisha katriji mahali pake, taa nyekundu ikawaka, na kile kioo kikaandika kwamba katriji haina wino.

Tukaitoa. Ilikuwa nzito mkononi, imejaa. Tukairudisha. Haina wino. Nikanunua mpya, printa ikaipokea bila neno. Hiyo nayo ilipokwisha, wifi akaijaza, na printa ikaikataa. Nikaanza kumtazama wifi kwa jicho la pembeni. Yeye mwenyewe alianza kunawa mikono mara mbili.

Mara ya tatu ilitokea siku mbaya. Mwalimu kutoka Murukulazo alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri mtihani wa majaribio wa darasa la saba, na watoto walikuwa wanaufanya kesho yake asubuhi. Walikuwapo pia madereva wawili, na mama mmoja wa Kibimba aliyeleta kadi za harusi ya binti yake. Wifi akajaza katriji ya tatu huku sote tunamtazama. Nikaiingiza. Taa nyekundu.

Nikasema, "Wifi, mkono wako umekuwa mbaya. Siku hizi kila unachokigusa kinakufa."

Nisijitetee hapa. Nilikuwa nimeolewa kwao miaka yote ile. Nilijua neno hilo kwao lina uzito gani, na nililichagua kwa sababu ya uzito huo.

Wifi aliifunika sindano kwa kifuniko chake, akaweka bomba kwenye mkoba, akaziba ile katriji kwa selotepu na kuandika tarehe, kazi ambayo haikuwa na maana tena. Kisha akasema, "Sawa, wifi," akatoka. Mwalimu aliondoka kwenda kutafuta steshenari nyingine. Mama wa kadi alizikunja kadi zake taratibu, na macho yake yalikuwa mlangoni alikopitia wifi.

Wifi hakuja mwezi uliofuata, wala mwingine. Mume wangu alipompigia simu, alisema shamba limembana. Mimi nilisema moyoni amenuna, na mtu aliyenuna huchoka kununa. Nikaendelea kununua katriji mpya na kulalamika.

Siku ya fundi ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Alikuwa msichana wa Mwanza, amekuja kurekebisha mashine ya fotokopi. Alifungua droo kutafuta bisibisi yake niliyoichanganya na vitu vyangu, akakuta zile katriji tatu zimepangwa. Akainua moja, akasoma tarehe.

"Nani amezijaza hizi? Ni kazi safi sana."

"Hizo zimekufa," nikamwambia.

Alitabasamu. Akatoa kwenye begi lake kidude kidogo, ukubwa wa kiberiti, chenye pini ndogo za chuma upande mmoja. Akaibandika katriji juu yake, akaibonyeza kidogo. Taa ya kile kidude ilikuwa nyekundu, ikageuka kijani. Akaiingiza katriji kwenye printa yangu, akaisafisha mara mbili kwa kubonyeza vitufe, akaniambia nichape chochote. Nikachapa barua ya mtu ya kuomba kazi.

Karatasi ikatoka na maandishi meusi tii, yamesimama, hakuna mstari uliokatika. Ilikuwa katriji ya siku ile ya mwalimu. Nilikaa kwenye benchi la wateja, mahali ambapo sijawahi kukaa tangu nifungue duka.

Fundi akadhani sijaelewa, akanionyesha kipande kidogo cha rangi ya shaba kilichobandikwa ubavuni mwa katriji. Nilikuwa nimekiona mara mia nikidhani ni nembo.

"Hii ni chipu, mama. Inahesabu. Kila unapochapa inahesabu, na hesabu yake ikifika mwisho inaandika kwamba katriji imekwisha. Ikishaandika, haifuti. Hata ukijaza mpaka imwagike, itaendelea kusema imekwisha. Hiki kidude changu ndicho kinaifuta."

"Kwa hiyo printa haitazami wino?"

"Haioni wino. Inasoma chipu tu. Zile printa za zamani hazikuwa nayo."

Nilimuuliza nani aliyeiweka, nikidhani atasema ni ubovu, au ni bidhaa bandia. Akatoa simu yake na kunionyesha mchoro. Kwa karani kama mimi ulikuwa mchoro wa kuvutia, nisiwe mwongo: mistari myembamba sana, katriji imekatwa katikati ionekane tumbo lake, na kila sehemu ina namba na mshale. Akaniambia hiyo inaitwa hataza. Mtu akibuni kitu ambacho hakijapata kuwapo, anakichora, anakieleza, anakipeleka serikalini, naye anapewa hati kwamba ubunifu huo ni wake na mwingine asiuige mpaka muda fulani upite. Zipo nyingi sana za printa, alisema, za namna ya kurusha tone, za namna ya kuvuta karatasi, na zipo za hii chipu.

Nilimwomba anirudie. Akanirudia. Mimi nilidhani hati za namna hiyo hupewa watu waliofanya kitu kifanye kazi. Sikujua kwamba mtu anaweza kukaa mezani, akanoa penseli, akabuni namna ya kitu kilichojaa kusema kiko tupu, na akapigiwa mhuri. Fundi, kwa kuwa ni mtu wa haki, alisema chipu ina faida yake, inaizuia printa isichape ikiwa kavu ikaungua. Labda. Mimi nilikuwa nimeacha kumsikiliza. Nilikuwa nawaona madereva wawili, mwalimu na mama wa kadi, wote wamekaa pale nilipokaa mimi, wakimtazama wifi akifunika sindano.

Wiki hiyo hiyo nilipanda gari kwenda Kibimba. Nilibeba ile katriji, ile karatasi iliyochapwa, na kidude ambacho fundi alikubali kuniachia. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na milima yote ilikuwa na watu wanaopanda. Nilijiambia sitamkuta nyumbani, nitamsubiri mpaka arudi kutoka kwenye mashamba ya watu.

Nilimkuta barazani, ana ungo wa maharage mapajani, anachambua.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Karibu. Mbona umekuja bira taarifa? Watoto wazima?"

Nikasema wazima. Nikakaa. Mbele yetu shamba lake lilikuwa limelimwa, udongo umepasuka vizuri, na halijapandwa hata shimo moja. Nikamuuliza kama leo hawajamwita kokote.

"Hawaniiti," alisema, akaendelea kuchambua. "Tangu mwaka jana. Yure mama wa kadi arirudi na maneno yako. Watu hawakunitukana, usidhani. Wamepata mwingine tu."

Nilikuwa nimemwazia amenuna. Muda wote ule nilikuwa nimemwazia amekaa kwake akininunia.

"Na shamba lako hili?"

"Namsubiri mke wa mwanangu arudi kutoka kazini. Yeye ndiye anapanda siku hizi. Mimi nachambua."

"Wifi, na wewe umeamini?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Nirijaza mara tatu. Mara tatu wewe ukiwa hapo. Ningesemaje?"

Nikatoa katriji na kumwonyesha ile chipu, nikamweleza habari ya kuhesabu, nikamweleza habari ya hataza na ule mchoro wenye mishale, nikabonyeza kidude mbele yake mpaka taa ikageuka kijani. Nilikuwa naongea haraka, nikirudia maneno, kama mtu anayeuza dawa mnadani. Kidude hakukitazama. Aliichukua ile karatasi, akapitisha kidole juu ya maandishi, akainusa.

"Kwa hiyo wino urikuwamo."

"Ulikuwamo, wifi. Wote. Ulijaza vizuri mara zote tatu. Kuna mtu aliyeiambia mashine iseme haumo, na akapewa hati kwa hilo."

Aliikunja karatasi mara mbili na kuiweka chini ya ungo.

"Mashine iriambiwa na mtu," alisema. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo. "Wewe uriambiwa na nani?"

Nimelipa swali hilo majibu mengi tangu siku ile, jikoni, dukani, ndani ya gari. Pale barazani nilikuwa na moja tu. Nilisema sikuambiwa na mtu, nilisema mwenyewe, na nilikuwa najua ninachosema. Nikamwomba msamaha. Akasema amesamehe, na naamini amesamehe. Nikamwambia nitazunguka nyumba kwa nyumba na ile karatasi nikawaeleze watu. Akasema nizunguke nikitaka, lakini watu wa huku hawana printa, watasikiliza ya mkono kuliko ya chipu.

Kisha nikamwomba tushuke shambani, aanze yeye, mbele yangu. Alikubali, nadhani kwa kunihurumia. Alijifunga kanga, akashuka na ungo, akasimama mwanzo wa mstari niliochimba kwa jembe. Akaingiza mkono kwenye maharage. Nikasubiri. Wanawake wa shamba la jirani walikuwa wameacha kupanda, wamesimama wima. Mkono wa wifi ulikaa ndani ya ungo muda mrefu, nikaona vidole vinatembea chini ya mbegu, halafu akautoa mtupu.

"Anza wewe," alisema, akanipa ungo.

Nilipanda mstari mzima. Wifi alinifuata nyuma akifukia kwa mguu, mikono ameifunga mgongoni, na kila nilipogeuka kumtazama aliniambia niendelee.