Shimo Chini ya Mti wa Plamu

Hii aibu nawaambia nyinyi tu, na msicheke kabla sijamaliza, kwa sababu mimi mwenyewe bado sijaona cha kuchekesha.

Mnajua nafundisha baiolojia. Basi kitovu cha mtoto wetu kilipokauka kikaanguka, Njeri mke wangu akiwa amelala, nilikiangalia kwa macho ya mwalimu (hapo ndipo nilipokosea) nikaona seli zilizokufa tu, chembe nyeupe za damu zimeshakula zilizokuwa pale kwa shina mpaka kikaachia, mwili umemalizana nacho. Nikakitupa pamoja na daipa, na gari la taka likapita mtaani kwetu Bondeni asubuhi hiyo hiyo.

Jioni mama akapiga simu kutoka Dundori. "Kitovu kikianguka mniletee Jumamosi. Nimeshachimba shimo chini ya plamu, kando ya pale tulipozika chako."

Tulikuwa tumepoteza mimba mbili kabla ya huyu, na mama alikuwa amengoja mjukuu mpaka akaacha kuuliza. Ningesema ukweli pale pale ningegombezwa, yaishe. Badala yake nikasema, "Sawa, mathe," nikaingia jikoni, nikachukua kipande cha tangawizi kilichokauka nikakifunga kwa pamba. Hata Njeri nilimdanganya.

Jumamosi tukakuta mama ameita kina mama wote wa kanisa, sufuria ziko motoni. Wakaomba, wakaimba, kisha mama akafungua pamba awaonyeshe. Akaangalia, akanusa.

"Kamau, hii ni tangawizi."

Na mimi, badala ya kuomba msamaha, nikaanza kufundisha (mbele ya watu walioniona nikibatizwa!), eti seli hufa kila siku, zingine huzila na kusafisha, mwili hauweki kilichokufa, na nilijisikia nikiongea na sikuweza kunyamaza.

Mama akangoja nimalize. "Hiyo ya mwili najua, nimelea watoto. Lakini hao wawili wa kwanza hatukupata kitu cha kuzika. Huyu nilitaka nizike kitu chake akiwa hai."

Njeri akabeba mtoto akaenda kukaa kwa gari. Mama akachukua jembe akafukia shimo bila kitu ndani, na hakuna aliyemsaidia.

Mtoto amepona kitovu vizuri kabisa. Siku hizi hata kucha zake nikikata naziweka kwa kikopo, ingawa najua hazina kazi, na nimeapa sitatupa tena kitu chake bila kumuuliza mama. Shida ni kwamba mama hashiki simu yangu.