Samaki wa Kwanza wa Kona ya Olinka

Olinka hakuwa mtu wa kunyamaza akidhulumiwa, na mwaka huu Evon, mdogo wa marehemu mumewe, alimdhulumu mchana kweupe. Kiangazi kilichopita Olinka alikaa eda, hakugusa mto. Mjane akiugusa, samaki aina ya samoni huchukia wakaenda zao. Evon akaona pa kupenyea. Barafu ilipoondoka tu kwenye mto Kuskokwim, alikita nguzo zake za wavu kwenye kona ya maji tulivu ambako Olinka na mumewe walitega wavu tangu waoane. Bila kona ile kibanda chake cha kukaushia samaki kwa moshi kingebaki kitupu, na baridi ikija angekula nini?

"Shemeji, toa wavu wako."

"Mto hauna eda," Evon alimjibu akicheka. "Wewe ulilala, mimi nikaamka."

Samoni wa kwanza aliponasa, ufidhuli ulizidi. Desturi ni kwamba samaki huyo hukatwa vipande, na mwenye kona alikovuliwa huwapelekea wazee nyumba kwa nyumba. Evon, kwa kiburi chake, alimbeba mzimamzima hadi kwa Olinka, majirani wakitazama, akambwaga mlangoni kama anayelisha mbwa.

"Haya, shemeji. Usije ukasema nimekunyima."

Olinka alimchukia Evon. Alitamani kumchapa usoni kwa samaki yuleyule. Lakini samaki hana kosa, na kumkataa ni kuwafukuza wenzake wote walio njiani. Alimwinua, akaingia ndani, akanoa kisu.

Jioni alipita kwa wazee wote. "Wa kwanza huyu, kutoka konani kwangu," alisema kila mlango. Bibi Okalena, mkubwa wa kijiji, alipokea kipande chake, akakila palepale akilamba vidole. Hakuna aliyekataa.

Asubuhi Evon alimkuta bibi huyo amesimama ukingoni, karibu na boti yake.

"Bibi, yule samaki nilimvua mimi."

"Ukampa nani?"

Evon aligeukia boti yake.

"Basi aliyegawa tumemwona, na tumekula. Wewe hapo unatega kwa ruhusa ya nani?"

Evon aling'oa nguzo zake, matope hadi magotini, kijiji kizima kikimwangalia. Olinka alisubiri na wavu begani. Hakumpa mkono wala pole.

"Nguzo ile ya mwisho umeisahau," alimwambia.